Taa Nyekundu Juu ya Kabati

Jumamosi, 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Bibi goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto analisahau. Mdogo wangu Kifaru yeye hajambo kupita kiasi: juzi kagonga mlango wa kabati kwa paji la uso, na mlango ndio ulioumia. Wewe je, hujambo? Ile baridi uliyosema imepungua?

Najua Jumapili ulipopiga simu nilisema "nzuri" kisha nikampa Bibi. Si kwamba sikuwa na la kusema, ni kwamba simu inanikausha mdomo. Mkutubi wa shule ameniruhusu nitumie kompyuta ya maktaba siku za Jumamosi, kwa hiyo bora nikuandikie.

Nakuandikia kuhusu lile boksi lako la kuhifadhia mafaili, lililo juu ya kabati chumbani kwako. Zile diski nne zina taa nne, na mojawapo, ya tatu, imekuwa nyekundu. Tena boksi linalia. Linasema piii, linanyamaza, linasema tena piii. Bibi amelifunika kwa kitambaa cha meza. Anasema kuku akifunikwa hulala.

Mama, hadithi zote ulizotusomea kabla hujaondoka ziko humo. Bado zinafunguka, ila zinakwama katikati ya sentensi kama mtu anayetafuta miwani. Kifaru halali bila kukusikia. Labda Bibi hajakuambia, lakini Kifaru ana mama wawili. Kuna Mama wa Simu, ambaye ni wewe wa Jumapili, na kuna Mama wa Hadithi, ambaye ni wewe wa kwenye boksi. Alikuwa na miaka miwili tu ulipoondoka, kwa hiyo huyu wa pili ndiye anayemjua zaidi.

Hadithi zitapotea? Nifanye nini?

Mwanao wa kwanza


Jumapili, 10 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Mimi sijambo, baridi imelegea kidogo. Mpe pole Kifaru, na kabati nalo.

Kwanza, mwambie Bibi kwa heshima zote aondoe kitambaa. Boksi hilo linahema kama mtu, ukilifunika litapata homa. Mlio unazimwa kwa kitufe kidogo kilicho nyuma, chini ya waya wa umeme.

Pili, usiogope. Taa nyekundu maana yake ni kwamba diski hiyo imekufa, na boksi lenye diski nne nililichagua kwa ajili ya siku kama hii. Kila kitu ninachoweka humo hukatwa vipande, vipande vikagawanywa kwenye diski zote, na pamoja navyo huwekwa hesabu. Ikifa diski moja, tatu zilizobaki hupiga hesabu hiyo na kukumbuka kila alichokuwa nacho mwenzao. Ndiyo maana hadithi zinakwama: kila neno linapigiwa hesabu kabla halijatoka. Lakini zinaweza kumbeba mfu mmoja tu. Zikifa mbili, hesabu haipo tena, na kila kitu kimekwenda.

Hii ndiyo kazi ninayofanya huku. Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri. Kuna ukumbi usio na dirisha hata moja, umejaa makabati marefu, na kila kabati limejaa diski kama hizo zetu. Feni zake zinavuma mpaka tunavaa vizibo vya masikio. Upande mmoja wa makabati ni baridi, wa pili ni joto kama kusimama nyuma ya jiko. Mimi nasukuma kitoroli chenye diski mpya, natafuta taa nyekundu. Kila siku kuna waliokufa, na hakuna anayeshtuka. Tunawatoa, tunaweka wengine, tunaendelea.

Fundi mwenzangu anaanza likizo wiki hii na atapita mjini kwetu. Nitampa diski mpya akuletee. Usiitoe kwenye mfuko wake mpaka nikueleze namna ya kuiweka.

Naona barua imekuwa ndefu. Niko chumba cha kufulia, nangoja nguo zikauke. Mashine ya jirani inazungusha soksi moja tu, nyeusi, na kila ikipita kwenye kioo naihurumia.

Mama yako


Jumamosi, 23 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na goti la Bibi linakusalimu.

Diski imefika. Aliyeileta ni mrefu mpaka akainama mlangoni. Alisema hakai, ana haraka. Bibi akamwambia, "Aliyetoka kwa mwanangu asipokaa nitadhani amekuja na habari mbaya." Akakaa. Alikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Ametuambia huko kazini wanakuita Mama Pole, kwa sababu kila ukitoa diski iliyokufa unaiambia pole. Bibi alicheka hadi akajishika ubavu, halafu akaingia ndani na hakutoka kwa muda.

Diski nimeiweka kwenye droo ya vitabu vyangu, ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha.

Barua yako niliichapisha, Mkutubi hakunitoza chochote. Bibi alitaka niisome kwa sauti, na nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale pa soksi." Usikasirike, Mama, lakini zile za zamani ulizokuwa ukituandikia, "Sijambo, someni kwa bidii, msalimieni Bibi," Bibi alisema hizo si barua, ni mihuri.

Nina maswali. Mnajuaje kwamba mmetoa diski yenyewe na si ya jirani yake? Ile iliyokufa inapelekwa wapi? Na wewe unakula saa ngapi, kama ukumbi hauna dirisha la kuonyesha mchana?

Mwanao wa kwanza


Jumapili, 31 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa mikono inakauka na kupasuka. Mwambie Bibi nimekipokea kicheko chake, na hicho cha ndani pia.

Umeuliza swali ambalo mafundi wapya hawaulizi. Kosa la kwanza la kila fundi ni kuchomoa diski iliyo hai. Anaona taa nyekundu, anageuka kuchukua mpya, akirudisha mkono umeshika ya jirani. Kwa sababu hiyo, sisi hatufanyi kazi mmoja mmoja. Tunataja na kuitikia. Mwenzangu wa zamu tunamwita Soksi Mbili kwa sababu ya jinsi anavyoogopa baridi. Mimi naweka kidole kwenye diski na kutaja namba yake. Yeye anaitazama kwa macho yake mwenyewe, si kwa masikio yake, kisha anaitikia kwa namba ileile. Asipoitikia, sivuti. Siku moja tuligombana asubuhi kwa ajili ya kikombe, hatukusemeshana siku nzima, lakini namba tulitajiana na kuitikiana mpaka jioni.

Wewe mwitikiaji wako awe Bibi. Avae miwani. Taja namba iliyoandikwa kwenye droo ya diski, naye aisome na kuitikia. Kisha bonyeza kitufe cha droo, ivute kidogo tu, uiache itulie mpaka usisikie mzunguko wake. Ndipo uitoe yote. Sukuma mpya mpaka isikike ikikaa. Taa zote nne zitaanza kupepesa, maana wale watatu watakuwa wanamsimulia mgeni kila alichokuwa anakijua marehemu. Masimulizi hayo huchukua mchana kutwa au zaidi. Usilizime boksi katikati.

Zilizokufa zinapita kwenye mashine inayozitoboa tundu katikati, ili yaliyokuwemo yasisomwe na mtu. Hiyo yetu usiitoboe. Iweke tu.

Nakula nikisikia njaa. Kuna mashine ya kahawa, na kuna kiti kimoja karibu na mlango wa kutokea ambapo ukikaa unaona mstari wa mwanga chini ya mlango. Tunakigombania.

Mama yako


Jumamosi, 13 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Paka mafuta mikono.

Wiki hii mwalimu wa lugha alisoma insha yangu mbele ya darasa. Hakutaja jina, lakini mimi niliinama kufunga kamba ya kiatu mpaka insha ikaisha, kwa hiyo wote wakajua. Ilikuwa juu ya kiti kilicho karibu na mlango. Natumaini huoni vibaya.

Boksi halina shida. Halilii tena na taa zimetulia. Kifaru amekuwa anatafuna kucha hadithi inapokwama, Bibi amempaka pilipili kwenye vidole, sasa anatafuna na kulia.

Nilitaka kuuliza, hivi diski ikishajazwa na wenzake, inakuwa ileile? Au inajua tu mambo ambayo haikuyaona? Na Soksi Mbili ana watoto? Na ukitoka kazini unapita njia gani? Niandikie njia yote, tangu mlangoni.

Mwanao wa kwanza


Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mmeamka salama.

Hujaiweka.

Boksi lililopata diski mpya taa zake hupepesa, na likimaliza, hadithi hazikwami. Lako taa zimetulia na Kifaru anatafuna kucha. Mimi ni fundi, baba. Natazama taa kutwa.

Sijakukasirikia. Nimekaa na barua zako zote nikazisoma kwa mpangilio, na nimeona kwamba kila nikikujibu la diski, unaniuliza mengine matatu. Nadhani nimeelewa. Nikitoka zamu maneno yanakuwa yamekwisha, natuma hiyo mihuri ambayo Bibi ameisema. Diski ndiyo kitu pekee ninachoweza kukieleza mpaka mwisho. Nawe ukaona taa nyekundu ikiondoka na barua zitaondoka.

Lakini nisikilize. Zile diski nne nilizinunua siku moja. Zilitoka kiwandani pamoja, zimezunguka pamoja, zimezeeka pamoja. Mmoja akianguka, wenzake hawako mbali, na sasa wanabeba mzigo wake juu ya mizigo yao. Mwombe Mkutubi flashi. Nakili kwanza hadithi, ukianza na ile unayoihitaji kuliko zote. Kisha weka diski. Usingoje Jumamosi.

Mama yako


Jumamosi, 20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama, na boksi liko salama. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako niliiona Jumatatu, nilipomwomba Mkutubi kompyuta kwa dakika tano baada ya vipindi. Mkutubi alinipa flashi yake mwenyewe, kaniambia nisifungue mashairi yaliyomo. Nilipofika nyumbani nikaweka sikio kwenye boksi. Diski ya nne, ambayo taa yake ni ya kijani, ilikuwa inasema tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Nilinakili hadithi mpaka flashi ikajaa. Haikutosha zote, theluthi moja hivi zilibaki ndani.

Kisha nikamwita Bibi.

"Mimi nikiitikia vibaya itakuwaje?"

"Hadithi zitapotea, Bibi."

"Basi mwite mwalimu wako."

"Mama amesema uwe wewe. Na uvae miwani."

Alienda kuoga kwanza. Kweli, Mama, alioga akabadilisha nguo, akaja na miwani akasimama kwenye kigoda nikiwa nimemshika mkono. Niliweka kidole, nikataja namba. Bibi akainama hadi pua ikagusa droo. Akaisoma taratibu, tarakimu moja moja, kama anayeita watoto kula. Nikabonyeza. Nikavuta kidogo. Tulisikia ikizunguka polepole, ikizunguka, halafu kimya. Bibi akaiambia pole. Sikumfundisha.

Mpya ilipokaa, taa zote zikaanza kupepesa. Kifaru alikaa chini ya kabati, amekunja miguu, akitazama juu. Alisema wanasengenyana. Zilipepesa hadi siku ya pili mchana, na ile ya nne ikisema tik, tik wakati wote, lakini haikuanguka. Sasa zote ni kijani. Mwana wa fundi wa saa, anayesoma darasa langu, amesema babake anaweza kutupatia nyingine badala ya hiyo ya nne.

Uliniambia nianze na ile ninayoihitaji kuliko zote. Si hadithi, Mama. Ni ile rekodi ya mwisho, ya usiku wa kuamkia safari. Ulimaliza kusoma ukasahau kuzima. Unasikika ukikunja nguo. Unafunga zipu, inakwama, unaifungua. Unaimba kidogo bila maneno. Halafu Bibi anaingia anakuuliza, utakaa huko mpaka lini, nawe unamjibu, "Mwaka mmoja, Mama. Ukizidi sana miwili."

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko hadithi yoyote. Huu ni mwaka wa nne. Mkataba wako unaisha mwezi wa saba, uliwahi kusema kwenye simu, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi.

Sasa boksi limepona na sina swali la diski. Nina hilo moja tu. Mwezi wa saba unarudi?

Mwanao wa kwanza


Jumamosi, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimefungua kompyuta Jumamosi zote hizi, hakuna kitu. Jumapili iliyopita Kifaru aliponipa simu ulisema mtandao ni mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikusikia ukihema.

Mwanao wa kwanza


Jumapili, 19 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mwili mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaifuta.

Sirudi mwezi wa saba. Nilisaini mkataba mpya mwezi wa pili, wa miaka miwili. Huko hakuna anayenisubiri na kazi, na ninyi watatu mnasimama juu ya hii niliyonayo. Nilipiga hesabu kila upande, na kila upande zilitoka hivyo. Nikasaini, kisha sikuwa na mdomo wa kuwaambia.

Angalia tarehe, kwa sababu utaziangalia hata nisiposema. Nilisaini kabla taa haijawaka. Barua yako ya kwanza ilipofika, nilipoona jina lako, wewe usiyesema neno kwenye simu, nilijua umegundua. Nikaifungua. Kumbe ni diski. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba kuna kitu kimeharibika ambacho naweza kukitengeneza. Nikakuandikia ndefu, na iliyofuata ndefu, ili kusibaki nafasi ya wewe kuniuliza. Wewe ulichelewesha diski ili nisiache kuandika. Mimi niliandika ili nisiseme.

Lakini ile soksi ilikuwepo kweli. Na mstari wa mwanga chini ya mlango upo. Sikukudanganya katika lolote nililokueleza.

Ile sauti ya zipu naikumbuka. Niliifungua ili nitie kandambili za Kifaru. Nilitaka kuja na kitu chenye mguu wake. Ninazo bado, ziko kwenye rafu juu ya kitanda.

Ukiona huna la kunijibu, nitaelewa.

Mama yako


Jumamosi, 1 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Jumamosi iliyopita nilikuja maktaba nikakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Mkutubi aliniuliza kama umeme umekatika, nikamwambia ndiyo, naye taa zote zinawaka juu ya kichwa chake. Akaenda zake.

Nilikuwa nimekukasirikia. Bado kidogo. Nilizisoma tena zile barua ndefu nikitafuta mahali unapojificha, na sikupata. Nilipata tu soksi, na kikombe mlichogombania, na mikono yako. Sijui mtu afanye nini na barua ambayo ni ya kweli yote na bado imemficha aliyeiandika. Nimeziweka kwenye droo pamoja na diski iliyokufa.

Bibi nilimwambia jikoni. Hakuacha kuchambua mchele. Akasema, "Nilijua tangu mwezi wa tatu. Mtu anayekaribia kurudi huuliza vipimo vya viatu. Mama yako hakuuliza." Kisha akasema nisikuandikie nikiwa na njaa, akanipakulia.

Kifaru ameuliza miaka miwili ni mirefu kiasi gani. Nilimwambia ni mpaka atakapofikia kitasa cha juu cha kabati. Akaleta kigoda, akapanda, akakishika. Akaniangalia akisubiri.

Hadithi hazimtoshi tena, ingawa hazikwami. Anazijua zote, anakutangulia maneno. Kwa hiyo nimeanza kumsomea mimi, kitabu cha maktaba. Ananisahihisha. "Siyo hivyo. Mama wa Hadithi akifika hapo anavuta pumzi kwanza." Sasa nami navuta pumzi.

Niandikie ile njia ya kutoka kazini. Nilikuuliza mwezi wa nne, hukunijibu.

Kandambili zile usimletee, hazitamwingia hata dole gumba. Mguu wa Kifaru sasa ni namba ishirini na tisa. Wangu ni arobaini na moja. Utakaporudi namba hizi zitakuwa za uongo, kwa hiyo itabidi uulize tena. Uliza na Desemba. Uliza kila zinapobadilika.

Mwanao